Kumpeleka Eladio Teixido

Ijumaa saa mbili asubuhi Balbina alisimama mbele ya ukuta wa makaburi wa parokia yake, akabisha mara tatu kwenye kibao cha marumaru chenye jina la mumewe.

"Eladio," alisema. "Ni mimi. Tunakwenda kwa Mtakatifu Andrea. Fuatana nasi."

Wifi yake Hermitas, dada wa marehemu, alikuwa nyuma yake na fimbo ya kutembelea na kofia ya mvua. Akaguna.

"Ndio mwaliko huo? Mbona hata askari wakija kumkamata mtu huwa na maneno matamu kuliko hayo?"

"Basi mwalike wewe."

"Mimi dada tu. Anayebisha ni mke. Mke akibisha, mume hana pa kujificha, hata akiwa humo."

Wafu wa pale hawalali ardhini. Hupangwa ukutani kama droo za kabati, na droo nyingine ni pana, za mume na mke, mmoja akitangulia anamwekea mwenzake nafasi. Balbina alikifuta kibao kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi, kisha wakaondoka, wanawake wawili na marehemu mmoja, wakaipita monasteri ya Xubia na kushika njia ya kaskazini.

Watu wa kona ile ya Galicia hulelewa wakijua kwamba kanisa la Mtakatifu Andrea, kule Teixido juu ya magenge ya bahari, kila mmoja wao atafika tu. Anayekufa hajaenda hubaki na safari yake, akaifanya katika umbo la mjusi au konokono, kwa miaka, akikwepa matairi ya magari. Ndiyo maana jamaa wenye huruma humwendea kaburini, wakambishia, wakamwalika, wakatembea naye huku wakimsemesha njia nzima asije akapotea kwenye njia panda. Padri wa parokia husema hayo si mafundisho ya Kanisa. Mama yake padri alipelekwa Teixido na binti zake wiki tatu baada ya mazishi, na padri ndiye aliyewafungia chakula cha njiani.

Eladio aliahidi kwenda kila mwaka kwa miaka arobaini. Mwaka huu kuna viazi, mwaka huu kuna mpira, mwaka huu mguu unauma. Mwishowe yakaja mapafu, na mapafu hayakungoja mwaka ujao.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya Noela, binti yao anayeishi Zurich. Aliinunua kwa kampuni ya mtandaoni: likizo ya siku tatu ya kutembea bila kiongozi, vyumba vimeshawekwa, mizigo inabebwa na gari, na faili lenye maelezo ya kila kona. Hermitas alilisoma lile faili kwa sauti tangu kilomita ya kwanza, maana hakuwahi kuona kichekesho kama kile, mtu wa Zurich kumwelekeza yeye njia aliyopita bibi yake akiwa peku.

"'Hatua ya tisa. Pita kushoto kwa msalaba wa mawe. Vuta pumzi ndefu, ufurahie harufu ya msitu.' Eladio, kaka yangu, unasikia? Tumenunuliwa pumzi!"

Kisha akakumbuka mapafu ya kaka yake, akafunga mdomo kwa hatua kama ishirini, ambazo kwake zilikuwa Kwaresima nzima.

Balbina hakucheka wala hakuchukia. Hakulia siku Eladio alipokufa, hakulia mazishini, na miezi kumi na minne baadaye alikuwa bado hajalia. Parokia nzima ilimsifu kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, na hata ule mwasho wa damu inaporudi haukuwa umekuja. Alipika, alifagia, alipeleka maua makaburini kila Jumapili, akarudi nyumbani akawasha televisheni bila kujua inasema nini.

Lakini alikuwa na jambo la kumwambia Eladio, na ndilo lililomfanya aikubali zawadi ya Noela.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka wake wa mwisho Eladio alikuwa akiita mara arobaini kwa siku. Mto, maji, dirisha, mto tena. Alasiri moja ya mwezi wa nne Balbina alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni, viatu kavua, anatazama kuku. Eladio akaita. Balbina alisikia. Akaita tena, na Balbina alisikia vizuri kabisa, akaendelea kutazama kuku. Kisha kukawa kimya, naye alikishukuru kimya kile, akakaa nacho dakika ishirini. Alipoingia chumbani mumewe alikuwa ameshakwenda, mkono mmoja nje ya blanketi.

Kwa daktari alisema alikuwa dukani. Kwa Noela alisema baba yako alikwenda usingizini. Hermitas aliambiwa hivyo hivyo. Sasa kilichobaki ni kumwambia mwenyewe, na mahali pake ni njiani. Ndivyo inavyojulikana: kati ya kaburi na Teixido marehemu anakusikia, ukishamkabidhi kwa mtakatifu, mazungumzo yamekwisha. Balbina alikuwa na kilomita arobaini na ushei za kulitoa, na asipolitoa humo angezikwa nalo, ubavuni kwa huyo huyo Eladio, kimya milele.

Siku ya kwanza hakulitoa. Alijaribu. Walipovuka daraja alimwacha Hermitas atangulie, akafungua mdomo.

"Eladio," alisema, akangoja kitu kije. "Viatu hivi vinabana."

Basi. Akatazama ubavuni kwake palipotakiwa kuwa na mumewe, akaona magugu na ukuta wa shamba la mtu. Hakuhisi kuna mtu pale. Miaka thelathini na sita aliishi na mwanamume aliyeujaza mlango kila alipoingia, na sasa alikuwa anatembea na hewa. Akajiambia kwamba kosa ni lake, kwamba mwenye ganzi hawezi kujua nani yuko karibu naye.

Hermitas hakuwa na shida hiyo. Alisema na kaka yake kutwa nzima, huku akisogeza konokono pembeni ya njia kwa ncha ya fimbo.

"Samahani, mama, pita huku, huko kuna trekta. Eladio, tazama, kanisa la Valdoviño wamelipaka rangi tena, baya vile vile. Eh, nilisahau kukwambia, ule uvimbe wangu daktari amesema si kitu. Na Noela na mumewe hawalali chumba kimoja, lakini hiyo hukuisikia kwangu. Na lile shamba la kisimani tutaliuza, ila watoto wa jirani yako Ramiro wasijue, maana wakijua watatuma mtu mwingine alinunue kwa niaba yao, wale! Damu ya baba yao."

"Punguza sauti," Balbina alisema.

"Nani wa kunisikia hapa? Kuna mikaratusi tu."

Jioni walifika nyumba ya wageni iliyoandikwa kwenye faili. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye aproni, aliwatazama wawili wao, akatazama nafasi kati yao.

"Mmekuja na nani?"

"Kaka yangu," Hermitas alisema. "Huyu ni mkewe."

"Karibuni wote," yule mwanamke alisema, akaandaa sahani tatu. Akaleta supu ya kabichi na mkate wa mahindi, akajaza bilauri tatu za divai. Walipomaliza kula, bilauri ya tatu ilikuwa imejaa kama ilivyowekwa, na Hermitas aliikazia macho.

"Hili ni jambo la ajabu. Najua wafu hawanywi, lakini Eladio ningetegemea japo ipungue kidogo."

Jumamosi kulikuwa na manyunyu, yale ambayo huwezi kuyaita mvua lakini yanakulowesha hadi chupi. Karibu saa sita mchana walikuwa katikati ya msitu, kabla ya kushuka Porto do Cabo, simu ya Hermitas ilipolia. Hermitas haisikii vizuri simu ikiwa sikioni, kwa hiyo huiweka kwenye spika na kuishika mbele ya kinywa kama kipande cha keki. Alikuwa Celso, mwashi anayefungua na kuziba makaburi ya parokia.

"Hermitas, mko wapi?"

"Msituni. Tunampeleka Eladio."

Celso alikohoa. "Ndilo hilo hilo. Balbina yuko hapo? Basi asikie naye. Hammpeleki Eladio."

"Wewe umelewa?"

"Ningelewa ningefurahi. Sikilizeni. Otilia wa Ramiro amefariki jana mchana, Mungu amrehemu. Asubuhi hii nimelifungua kaburi la Ramiro ili nimlaze mkewe ubavuni pake. Nimetoa kibao, nimetoa matofali, naangalia sahani ya shaba juu ya jeneza, imeandikwa Eladio."

Maji yalidondoka kwenye majani.

"Yule fundi wa marumaru," Celso aliendelea, "kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote alivibandua vibao vyote viwili kwenda kuving'arisha, maana viko jirani. Alipovirudisha akavipishanisha. Nimeshampigia, analia. Tangu mwezi wa kumi na moja kibao cha Eladio kiko juu ya Ramiro, na cha Ramiro kiko juu ya Eladio."

"Kwa hiyo," Hermitas alisema polepole, "huyu tuliye naye hapa…"

"Mliyembishia ni Ramiro," Celso alisema. "Pole sana. Mnipigie mkishakaa chini."

Ramiro! Jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye kila kiangazi zamu ya Eladio ya kumwagilia ikifika alikuwa akiweka jiwe kwenye mfereji na kuyageuzia maji shambani kwake, kisha akaapa mbele ya msalaba kwamba ni fuko waliochimba. Miaka kumi na tisa Eladio hakumsalimia. Walipokutana kwenye ibada ya Jumapili, padri aliposema tupeane amani, mmoja wao alikuwa anakumbuka kufunga kamba za viatu.

Hermitas alizunguka pale pale alipo, akipiga hewa kwa fimbo.

"Nimemwambia habari za shamba la kisimani! Nimemwambia watoto wake wasijue! Yesu na Maria, nimemwambia mpaka uvimbe! Na alikuwa kimya anasikiliza, mbwa huyu! Ndiyo maana hakugusa divai, alikuwa na kisukari!"

Wakati wowote mwingine Balbina angecheka. Alijua pia kwamba alipaswa kushtuka: miezi minane ya maua, kila Jumapili, chrysanthemum za bustani yake mwenyewe, kwa mwizi wa maji. Akautafuta mshtuko ndani yake kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Hakuupata. Alipata wazo moja tu, na lilikuwa la baridi: afadhali sikusema.

"Tunarudi," Hermitas alisema. "Tunamwacha hapa hapa. Aende Teixido kwa tumbo, akiwa nyoka, ndiyo saizi yake."

"Nilibisha mimi," Balbina alisema.

"Ulibisha kwa jina la Eladio!"

"Lakini aliyetoka ni yeye. Alikuwa amelala zake, nikamwamsha. Huwezi kumwamsha mtu ukamtupa msituni."

"Ramiro si mtu."

"Rudi wewe kama unataka. Mimi nampeleka."

Alisema hivyo bila wema wowote. Asije mtu akadhani alimhurumia Ramiro. Aliona tu uchovu wa kueleza ni mkubwa kuliko uchovu wa kutembea. Hermitas alimtazama, akaangalia chini kama kuna konokono, akatema mate, kisha akafuata. Lakini alitembea upande wa pili wa njia, na kwa saa nzima hakusema na aliye hai wala aliyekufa.

Ilikuwa saa hiyo, kwa kuwa njia ilikuwa kimya na mwaliko ni mwaliko, Balbina alipoona lazima mtu amsemeshe mgeni.

"Hapa pana mteremko, Ramiro," alisema. "Otilia amekufa jana. Sijui kama umeambiwa."

Akatembea kidogo.

"Ulikuwa unaziba mfereji. Si fuko. Nilikuona mara mbili, umevaa ile fulana ya bluu. Sikumwambia Eladio kuwa nimekuona, angekuja na koleo, na mimi ningebaki na mume gerezani. Maharage yetu yalikauka mwaka ule. Nilikuchukia, halafu nikachoka. Sasa hata sijui kama nakuchukia."

Ilikuwa rahisi. Ilimshangaza jinsi ilivyokuwa rahisi. Ramiro hakuwa kitu chake, hakumpenda, hakumwogopa, hakuwahi kulala naye kitanda kimoja. Maneno yalitoka kama nguo chafu zinavyotoka kapuni, moja ikivuta nyingine.

"Eladio aliugua mwaka mzima baada ya wewe kuondoka. Alikuwa na mashine ya oksijeni, inapiga kelele kama friji. Alikuwa ananiita kila wakati. Mimi nilikuwa nalala nimesimama, Ramiro. Siku moja akaita nikiwa kwenye ngazi. Nilimsikia. Sikuwa dukani. Nilikaa pale na kuku mbele yangu, nikamsikia akiita Balbina, mara mbili, na sikuinuka. Aliponyamaza nilisema asante. Nilisema kwa sauti. Asante. Nikakaa dakika ishirini. Alikuwa anakufa peke yake na mimi niko hatua kumi, nimevua viatu."

Hakulia. Alikuwa amesema yote kwa sauti ile ile ya kumweleza mtu bei ya viazi, na alipomaliza akagundua kwamba hasikii tena fimbo ya Hermitas ikigonga mawe.

Aligeuka. Hapo njia hupita kando ya rundo la mawe, ambapo kila anayekwenda kwa mtakatifu huongeza lake, na Hermitas alikuwa ameketi juu ya mawe ya watu wa miaka mia saba, kofia mkononi, nywele zinamlowa.

"Umemwambia Ramiro," Hermitas alisema.

Balbina aliinama, akaokota jiwe lake kando ya njia.

"Mwaka na miezi nakuja kwako kila Jumatano. Nakunywa kahawa yako mbaya. Mimi ni dada yake. Na unamwambia Ramiro!"

"Ramiro hawezi kunijibu."

"Na mimi?"

"Wewe unajibu hata usipoulizwa."

Hermitas alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kutoa kitu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, au manyunyu, au vyote.

"Alikuita mara mbili tu?"

"Mara mbili."

"Alikuwa na sauti ya vipi?"

Balbina alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Ya kawaida," alisema. "Kama anataka dirisha."

Hermitas aliinuka, akavaa kofia, akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Sikusamehi leo," alisema. "Niulize baada ya Krismasi." Akatangulia.

Usiku huo walifika nyumba ya pili ya wageni. Alikuwepo mzee mmoja wa kupokea wageni, naye aliandaa sahani tatu bila kuuliza. Hermitas aliisukuma ya tatu mpaka ukingoni mwa meza. Balbina akairudisha, akamiminia Ramiro maji badala ya divai, kwa sababu ya kisukari. Walikula wakitazama sahani zao.

Jumapili wingu lilipanda, upepo ukaja. Walipita mlimani juu ambako farasi mwitu husimama wakiupa upepo kisogo, na chini kabisa, mbali sana chini, bahari ilikuwa nyeupe. Balbina alimwambia Ramiro ashike kulia. Hermitas alikuwa hatua thelathini mbele, faili la Noela limekunjwa mfukoni, hakuna tena wa kusoma hatua ya ngapi.

Teixido ni nyumba chache nyeupe na kanisa dogo la mawe, na wanawake wanaouza vinyago vya unga wa mkate vilivyopakwa rangi, mkono, mashua, samaki, mtakatifu mwenyewe. Ibada ilikuwa imekwisha. Balbina aliingia peke yake, akasimama mbele ya Mtakatifu Andrea aliyesimama na msalaba wake wa umbo la X, akasema kwa sauti ya mtu anayekabidhi kifurushi:

"Huyu ni Ramiro. Hatukumkusudia yeye, lakini amefika. Mkewe naye atakuja, Otilia, sijui atakuja na nani."

Akafanya ishara ya msalaba na kumwacha Ramiro pale. Alipotoka mlangoni alisikia wepesi kidogo ubavuni, kama mtu akishuka kwenye gari, ama alidhani amesikia.

Chini ya kanisa kuna chemchemi yenye midomo mitatu. Ukitupa kipande cha mkate majini kikaelea, mtakatifu amekusikia. Kikizama, ndiyo hivyo tena. Balbina aliumega mkate, akatupa kipande kwa ajili ya Ramiro. Kilizunguka mara mbili, kikaelea juu, kinene, kimejaa raha.

Hermitas alikuwa anaangalia kutoka juu ya ukuta. Alivumilia, alivumilia, akashindwa.

"Hata hapa! Hata hapa maji yanamtii yeye!"

Ni hilo lililomfanya Balbina acheke. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kilitoka kwa shida, lakini kilikuwa chake. Hermitas hakucheka. Alishuka ukutani taratibu, akaketi karibu naye, si karibu sana.

"Utamtupia na Eladio?"

"Eladio hayupo hapa. Eladio hajaambiwa kitu."

"Ulishasema lakini. Limekutoka."

"Limenitoka kwa Ramiro. Ramiro amebaki nalo humo ndani. Kwa Eladio ni kama sijasema."

Hermitas alitazama kipande cha mkate kikiendelea kuelea. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo itabidi nikamwite."

"Mimi siji," Hermitas alisema. "Sikwambii hivyo kwa hasira. Nina hasira, lakini si kwa hiyo. Mtu akiwa na la kumwambia mumewe, dada wa mume anatafuta nini katikati? Utakwenda naye wewe. Na usinunue faili."

Jumatatu asubuhi Balbina alirudi makaburini. Miguu ilikuwa imevimba, alivaa viatu vya bustani. Celso alikuwa juu ya ngazi mwisho wa ukuta, anapiga chokaa. Alimwonyesha vibao kwa mwiko, kisha akageuka na kushughulika na ndoo yake. Vibao vilikuwa vimerudishwa mahali pake. Kile cha Ramiro kilikuwa na maua ya mazishi ya Otilia, mengi, yamebanana. Cha Eladio, hatua moja kushoto, hakikuwa na kitu. Miezi minane hakuna mtu aliyemletea hata jani, isipokuwa Otilia, aliyemletea akidhani ni mwingine.

Balbina alisogea. Aliinua mkono, na mkono ukasita hewani.

Ilimchukua muda kutambua ni nini. Alikuwa anaogopa. Hakuwa amehisi kitu kizima namna hii tangu ile alasiri ya ngazi ya jikoni, na karibu ageuke aende zake nyumbani. Ijumaa hakuogopa kwa sababu hakumtarajia mtu. Sasa alijua yumo, nyuma ya marumaru hii, na kwamba ataitika, kwa kuwa miaka yote thelathini na sita Eladio hakuwahi kumwacha mkewe aite mara mbili.

Akabisha, mara moja.

"Eladio," alisema. "Siku ile nilikusikia."